Nyanjige na Spika za Waya

Nyanjige Ngassa alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika kule Ipililo kwa miaka kumi na tisa, na watu wa rika lake bado wanamjua kwa kazi hiyo. Wakati wa msimu wa pamba makarani wengi walikuwa wanasoma mizani haraka haraka, mkulima akiwa bado anafuta jasho, halafu wanaandika wanachotaka. Yeye hakuandika. Alikuwa anashika kalamu juu, anamwambia mkulima, "Soma mwenyewe." Asiyejua kusoma aliambiwa alete mtu wake anayemwamini asome kwa sauti. Foleni ilikuwa ndefu kwa Nyanjige kuliko kwa karani mwingine yeyote, wala hakuna aliyelalamika. Darasa la saba alimaliza, na alilimaliza vizuri, enzi ambazo msichana wa Kisukuma kulimaliza lilikuwa jambo la kusimuliwa.

Athanasi, mume wake, alipofariki, Nyanjige alihamia Bariadi mjini kwa mtoto wake wa mwisho, Josia, nyumba ya bati la bluu mtaa wa Nyaumata. Josia mwenyewe yuko machimboni Geita, anarudi baada ya miezi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake wawili: Nyanjige na mkwe wake Kabula, binti wa Ndaki wa Mkula.

Kabula alikuwa na kompyuta chumba cha mbele. Kazi yake ilikuwa kuwawekea watu nyimbo na mahubiri kwenye kadi za simu na flashi, na kuchapa barua na ratiba za misiba. Mteja kwanza anasikilizishwa wimbo, akiridhika ndipo unahamishwa. Sauti ilitoka kwenye spika ya blutuzi aliyopewa na kaka yake siku ya harusi, ya duara kama chungu kidogo, yenye alama ya kuungua ubavuni, pale mshumaa ulipoiangukia siku umeme ulipokatika. Kutwa nzima chumba kile kilikuwa kinaimba, na Nyanjige alikuwa anachambua mchele uani akiitikia.

Tusifichane, palikuwa na huzuni ndani ya nyumba ile. Kabula alikuwa amepoteza mimba mbili, ya kwanza ikiwa na miezi minne, ya pili mitano. Kisha akapata ya tatu. Nyanjige alimkataza kubeba ndoo, akamkataza kuinama jikoni, akaanza kuamka kabla yake ili akute uji uko tayari. Kitu alichokuwa anakiomba kwa Mungu kilikuwa kimoja tu: huyu azaliwe.

Hapo ndipo anapoingia Januarius.

Januarius ni mtoto wa dada yake Nyanjige. Mama yake alikufa mtoto akiwa bado ananyonya, na Nyanjige ndiye aliyemlea, maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, akamsomesha, akamwozesha. Sasa ana duka la vifaa vya umeme karibu na soko, na kila anapomwona Nyanjige anamsalimia kwa Kisukuma na kumwita mayu, yaani mama, kwa sauti ya kusikiwa na duka la tatu.

"Mwadila mayu! Karibu kiti. Leo nimekuota."

"Mwadila, mwanangu. Umeniota nikiwa nakudai nini?"

"Ulikuwa unanichapa."

"Basi ulikuwa umekosa."

Siku ile Nyanjige alikuwa amepeleka dukani simu yake iliyogoma kuingia chaji. Wakati Januarius anasafisha tundu la chaji kwa sindano, akamuuliza habari za Kabula. Nyanjige akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mambo ni mazuri, mwezi wa tatu sasa, tuombeane. Januarius akaacha sindano.

"Na ile spika ya blutuzi bado anaitumia?"

"Anaitumia. Kwani?"

Januarius akatazama kulia, akatazama kushoto, akavuta kiti. Akatoa simu yake na kumwonyesha picha ya video. Mzungu amevaa koti jeupe, nyuma yake rafu za vitabu, anaongea, na chini yanapita maandishi ya Kiswahili: mionzi ya vifaa visivyo na waya inapenya mwilini, na anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni. Nyanjige alisoma maandishi yale yote bila kusaidiwa, mpaka mwisho.

Sasa elewa jambo hili. Nyanjige ni mtu wa kanisa, na maisha yake yote amewacheka watu wanaosema fulani katupiwa ugonjwa kutoka kijiji cha jirani. Lakini alizaliwa Usukumani, amekua akisikia kwamba kipo kitu kinachotoka hapa na kumfikia mtu pale bila mtu kuona kimepita wapi. Alikuwa amekifukuza kichwani kwa shule na kwa katekisimu. Januarius alikirudisha kimevaa koti jeupe na kinaitwa mionzi, na yeye akakipokea kama mgeni msomi.

"Mimba mbili, Januarius," alisema.

"Mayu, mimi sijasema. Wewe ndiye umesema."

Akamshushia spika juu ya meza ili achague. Zilikuwa za waya zote: ndogo mbili za plastiki zinazochomekwa kwenye kompyuta, nyingine zenye sabufa kubwa ya kukaa chini, na za tatu, masanduku mawili ya mbao nyeusi yenye kitufe cha kuzungusha sauti na waya mnene. Nyanjige akaushika waya, akaupitisha kati ya vidole kutoka kwenye sanduku mpaka kwenye ncha yake.

"Sauti inapita humu ndani?"

"Humo humo. Haitoki nje hata tone."

"Inaingia hapa, inatokea hapa."

"Kama maji kwenye bomba, mayu."

Alichukua za mbao. Kitu ambacho njia yake inaonekana, alisema, hicho mtu anaweza kukaa nacho. Januarius akamfungia kwenye boksi lililokuwa na vumbi mpaka kwenye kona, akasema ile ya blutuzi amletee yeye, anajua mahali pa kuitupa ili isimdhuru mtu mwingine.

Kabula hakupinga kwa kelele. Alikaa juu ya kigoda akizitazama zile spika za mbao, mikono juu ya tumbo.

"Mayu, ile redio ya baba mkwe kule Ipililo ilikuwa na waya?"

"Ilikuwa ya betri."

"Na mtangazaji alikuwa Dar es Salaam. Sauti ilifikaje Ipililo bila waya? Mbona mlizaa watoto saba pembeni yake?"

"Usimtaje Athanasi katika mambo haya."

"Na simu iliyo kwenye kitenge chako je?"

"Kabula! Nakuambia kitu cha kukulindia mtoto, wewe unanijibu kama tuko mnadani?"

Nyanjige akachomoa, akachomeka, akazungusha kitufe, na wimbo wa kwaya ukatoka kwenye masanduku mawili ukiwa na mkwaruzo kidogo upande wa kushoto. Ile ya blutuzi akaifunga kwenye mfuko mweusi, akampelekea Januarius siku hiyo hiyo.

Kama angeishia hapo, pengine yangekwisha. Lakini Nyanjige hajawahi kujua jambo jema akakaa nalo peke yake. Jumamosi iliyofuata jumuiya yao ya kanisa ilisali nyumbani kwa Mhoja, mwenyekiti wao. Baada ya rozari, ilipofika zamu ya matangazo, Nyanjige akasimama. Akaeleza mionzi. Akaeleza yule daktari wa koti jeupe. Akina mama wakawa wanatikisa vichwa, maana aliyekuwa anasema ni Nyanjige wa mizani, si mtu wa kubahatisha. Kisha, ili neno lishike, akanyoosha mkono kwa mkwe wake aliyekuwa amekaa mkekani.

"Kabula wetu huyu amepoteza wawili. Kutwa kucha amekaa na kile kitu sentimita chache kutoka tumboni. Alikuwa anawaua bila kujua."

Kabula alikuwa anautazama mkeka. Mwanamke mmoja akasema, "Maskini," na neno lile likawa baya kuliko kimya.

Kesho yake asubuhi Kabula alifungasha begi. Hakugomba wala hakulia mbele ya mtu. Alisema anakwenda kwao Mkula kupumzika kidogo. Kwenye mlango alisema maneno haya tu: "Mayu, yule wa pili alikuwa wa kiume. Nilimshika. Usiku kucha nimejiuliza kama ni mimi."

Nyanjige alijibu kwamba hakuwa na nia mbaya, na ni kweli hakuwa nayo. Begi likaondoka na mwenye begi. Chumba cha mbele kikafungwa. Kwa wiki kadhaa alijiambia kwamba mkwe wake amekasirika kama wajawazito wanavyokasirika, atarudi, na akirudi nyumba itakuwa salama, kwa sababu kile kitu hakimo tena. Jumuiya nayo ilikuwa imemwitikia. Nyumba kumi hivi zilikuwa zimekwenda dukani kwa Januarius kuchukua spika za waya. Shija wa genge la nyanya alimwambia, "Mama Josia, umetuokoa," naye Nyanjige akaona kwamba uzee wake bado una kazi.

Mwezi wa pili tangu Kabula aondoke, Felisita, mke wa Januarius, akajifungua mtoto wa kike. Nyanjige alisubiri siku saba, kisha akachukua unga wa mtama, mtindi ndani ya kibuyu na kitenge kipya, akaenda kumpongeza. Januarius alikuwa dukani. Felisita alimpokea kwa furaha, akamketisha kwenye kochi, akaingia chumbani kumchukua mtoto. Mlango ulikuwa wazi, na wimbo mwororo ulikuwa unatoka huko ndani.

Nyanjige aliinuka, akafuata wimbo.

Juu ya kimeza, sentimita chache kutoka kwenye kichwa cha mtoto, ilikaa spika ya duara. Aliigeuza. Ubavuni ilikuwa na alama ya mshumaa.

"Hii mmeipata wapi?"

"Hiyo? Baba yake aliileta. Mtoto hataki kulala bila nyimbo, mayu, ni mwanakwaya huyu."

"Haina mionzi?"

Felisita akacheka, mtoto akiwa mkononi. "Mionzi! Jamani mayu, si ile ya kumalizia mzigo wa..." Akaukata msemo. Akamtazama mama mkwe wake machoni, na kicheko kikamtoka usoni chote.

"Mzigo wa nini?"

"Mayu, sikujua kwamba hukujua."

Nyanjige alimshika mtoto, akambariki, akamrudisha kwa mama yake. Mtoto hakuwa na kosa. Kibuyu alikiacha. Akatoka, na jua lile la saa nane akatembea mpaka sokoni bila kitu kichwani.

"Mwadila mayu! Karibu ki—"

"Nimetoka kumwona mjukuu. Amelala vizuri. Anaimbiwa."

Januarius alikuwa na mteja, mzee mmoja aliyekuwa anajaribu tochi. Alimwambia mzee arudi baadaye. Kisha akajaribu kutabasamu, na lile tabasamu ndilo lililomuumiza Nyanjige, kwa sababu lilikuwa lile lile la utotoni alipokuwa akikutwa na sukari mdomoni.

"Mayu, usichukulie hivyo. Mambo ya mionzi kuna wanaosema ipo, kuna wanaosema haipo. Mimi niseme nini?"

"Kama ipo, mbona iko kichwani kwa mwanao?"

Januarius akaichukua tochi ya yule mzee, akaizima.

"Nakuuliza kama mama yako. Wewe unaamini?"

"Siamini," Januarius alisema mwishowe. "Zile za waya zilikaa miaka mitatu, hakuna anayezitaka, kila mtu anataka blutuzi. Nikasema, mayu akizisemea watamsikia. Wewe wanakusikia. Mimi nikisema, watasema mfanyabiashara huyo."

"Ulitaka mdomo wangu."

"Nilijua nini mimi kwamba utamtaja Kabula mbele za watu? Hilo sikukutuma."

Hapo alimpiga mahali pasipo na ngao, maana hilo lilikuwa kweli. Januarius alitengeneza uongo, lakini aliyeunyoosha mpaka ukamfikia Kabula kifuani alikuwa ni yeye mwenyewe. Alisimama pale akiwa na hasira mbili, na moja haikuweza kuikimbia nyingine. Mtu aliyemlisha kwa kijiko alikuwa amemgeuza kibao cha duka. Na yeye, karani wa kuwaambia wakulima wasome wenyewe, hakuwa ameuliza hata muuguzi wa kliniki aliyekuwa akikutana naye kila mwezi.

Alikwenda kumuuliza siku iliyofuata. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba spika kama ile nguvu yake ni ndogo hata kuliko ya simu, wala yeye hajawahi kuona ushahidi kwamba inaharibu mimba. Mimba hutoka kwa sababu nyingi, alisema, na mara nyingi hata hospitali haijui ni ipi. "Mwambieni mama huyo asijilaumu," akasema. "Hilo ndilo linaloumiza wengi."

Nyanjige akapanda gari la Lamadi, akaunganisha la Mkula.

Kwa desturi, mama mkwe akifika kwa wakwe zake bila taarifa, kuku anachinjwa, na hakuna jambo linaloulizwa mpaka mgeni ale. Milembe, mama yake Kabula, alishamwagiza mtu amkimbize jogoo. Nyanjige akamzuia.

"Mkwe wangu, usichinje. Sijaja kula."

Milembe akabaki na kisu mkononi. Kwao hilo ni karibu na tusi. "Una msiba?"

"Nina neno la mwanao. Nikila kwanza litanishinda."

Kabula akaja na kusimama kizingitini. Tumbo lilikuwa limeshaonekana sasa. Nyanjige aliyasema yote pale uani akiwa amesimama: video, spika, duka, mtoto wa Felisita, maneno ya muuguzi. Hakujipunguzia. Alipofika mwisho akasema, "Hukumuua mtu, mwanangu. Mimi niliambiwa uongo, nikauamini, nikakutupia wewe. Nisamehe."

Kabula alimtazama jogoo akirudi mwenyewe uani.

"Umeniambia mimi na mama," alisema.

"Ndiyo."

"Yale mengine uliyasema mbele ya jumuiya nzima. Nikienda kisimani, nikienda kanisani, macho ya wale watu ndiyo ninayoyaona. Wao nani amewaambia?"

Nyanjige akakaza kitenge kiunoni.

"Uliwahi kunisimulia jinsi ulivyokuwa ukiwaambia wakulima wasome mizani wenyewe," Kabula akaendelea. "Mimi mayu hukunipa nisome. Uliandika tu."

Milembe akasema, "Kabula, huyo ni mama yako," lakini hakulisema kwa nguvu. Nyanjige akamwambia amwache aseme. Alikunywa maji waliyompa, akaaga, akarudi Bariadi bila kula.

Jumamosi akasimama tena kwa Mhoja. Mwenyekiti alikuwa amemdokeza mapema kwamba jambo hili lingeweza kumalizwa kimyakimya, bila kumwaibisha mtu.

"Nililisema kwa sauti," Nyanjige alimjibu, "nitalitoa kwa sauti."

Akalitoa. Alisema alidanganywa na mtu wa damu yake, hakumtaja, ingawa wote walijua spika zilinunuliwa wapi. Kisha akasema lile ambalo watu hawakulitarajia: kwamba aliyemdanganya alisema juu ya spika tu, lakini aliyesema juu ya watoto wa Kabula alikuwa yeye. "Kabula hana kosa hata la kiasi cha punje. Nililotamka juu yake ni uongo, na mtu asilirudie. Anayetaka kulirudia aje kwangu kwanza."

Halafu mama mmoja nyuma akauliza, "Kwa hiyo hizi spika zangu nizitupe?"

"Usizitupe. Zinapiga. Zenyewe hazijamkosea mtu."

Wengine wakacheka kidogo. Shija wa genge hakucheka. Alimwambia wakati wa kutoka kwamba alimnyang'anya binti yake simu kwa miezi miwili kwa sababu ya maneno yale, wakagombana, na binti akaenda kukaa kwa shangazi. "Nilikuamini wewe," alisema Shija, akaondoka. Nyanjige alibaki mlangoni kwa Mhoja. Alijua sasa neno hilo lina ladha gani, maana naye alikuwa amelisema dukani juma lililopita, kwa maneno mengine.

Januarius alikuja Jumatatu na ile spika ndani ya mfuko. Aliambiwa aipeleke Mkula kwa mikono yake na aseme mbele ya Ndaki na Milembe kile alichokifanya. Alisema ataenda mwisho wa wiki. Wiki hiyo duka lilikuwa na kazi. Iliyofuata mtoto alikuwa na mafua. Nyanjige akaacha kuuliza.

Mtu mmoja wa jumuiya alikuwa amerekodi maneno yake kwa simu na kuyatuma Mkula. Kabula alimpigia baada ya siku tatu.

"Nimesikiliza," alisema. "Nimesikiliza mara mbili."

"Utarudi, mwanangu?"

"Nitazalia huku, mayu."

"Nije kukaa na wewe?"

Kuku walisikika upande wa pili. "Mama atakupigia."

Milembe alipiga miezi tisa ilipotimia, asubuhi, Nyanjige akiwa anafagia chumba cha mbele. Wamepata mtoto wa kike, mzima, kilo tatu na nusu, mama yake mzima. Nyanjige akapiga vigelegele peke yake mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Kisha akauliza jina. Josia alikuwa ameahidi tangu siku ya harusi kwamba binti wa kwanza atabeba jina la mama yake, Nyanjige.

"Tumemwita Milembe," Milembe mwenyewe akasema, na sauti yake ilikuwa na haya. "Kabula ndiye aliyechagua. Josia amekubali."

"Ni jina zuri," Nyanjige alisema.

"Amesema uje. Lakini si wiki hii. Ijayo."

"Nitakuja hiyo ijayo."

Alikata simu, akaiweka juu ya meza karibu na yale masanduku mawili ya mbao, akachukua tena ufagio. Sehemu iliyobaki ilikuwa nyuma ya mlango tu. Akaimaliza, akazoa taka, kisha akaenda kupepeta mtama wa safari, ingawa siku zilikuwa bado nane.